Je, Chema Chajiuza Kweli?

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii tumefundishwa tangu shule ya msingi na nadhani hakuna hata mmoja kati yetu ambaye hajawahi kuichomeka katika insha ili mwalimu atabasamu. Leo mimi nathubutu kuitia mashakani. Nasema hivi: siku hizi chema hakijiuzi. Kikinyamaza kitashikwa na kutu dukani huku kibaya kikipiga ngoma barabarani na kununuliwa mchana kweupe. Kwa hiyo chema nacho hakina budi kutembezwa. Lakini kitembezwe kwa ukweli, tena kwa lugha ambayo mnunuzi anaitumia jikoni kwake. Mawili hayo yakikosekana, tangazo ni utapeli tu, hata likiwa na wimbo mtamu namna gani.

Maoni haya niliyapata katika shindano la matangazo ya biashara la shule za sekondari, ambalo chama chetu cha Kiswahili kilituma timu ya watu watano. Shule kumi na nne zilishiriki. Kila timu ilitakiwa kuleta bango moja, wimbo mfupi na igizo la dakika tano. Bidhaa yenyewe ingeweza kuwa ya kweli au ya kubuni, na lugha ingeweza kuwa Kiswahili au Kiingereza. Wenzetu wa shule za bweni walifanya mazoezi usiku baada ya masomo ya jioni. Sisi wa kutwa tulifanyia yetu chini ya mti ule karibu na maabara wakati wa chakula cha mchana, kwa sababu ikigonga saa kumi na moja kila mtu anawaza nauli, na nauli yenyewe hupanda mvua ikinyesha.

Tulichagua kutangaza jiko la makaa. Wengine darasani walitucheka. "Jiko? Hamna kitu ya maana?" wakatuuliza. Lakini mwenzetu mmoja ni jirani wa fundi anayeyatengeneza pale Kamukunji, na sisi tulitaka bidhaa ya mtu tunayemjua, mtu ambaye tangazo likifaulu atapata unga na likiharibika atapata aibu. Jiko hilo mnalijua nyote: lina kiuno chembamba kama cha nyigu, nje limevikwa bati na ndani lina udongo uliochomwa. Lilianza kutengenezwa hapa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sehemu ya umbo lake ilitokana na jiko la ndoo la kule Thailand. Udongo ule huzuia joto lisipotee kupitia bati, kwa hiyo joto jingi huenda kwenye sufuria badala ya kumchoma mpishi miguu.

Hapa naomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu jiko hili lenyewe ni shahidi wangu wa kwanza. Lilikuwa bora kuliko lile la bati tupu. Je, lilijiuza? La hasha! Bei yake ilikuwa juu kuliko ya lile la zamani, na kwa macho tu hungeweza kujua kwamba linakula makaa kidogo. Mama aliyepikia jiko la bati tangu aolewe alihitaji kuonyeshwa na kuelezwa ndipo atoe pesa zake. Mafundi wa jua kali na wachuuzi wa sokoni ndio waliofanya kazi hiyo ya kueleza. Chema kilihitaji mdomo.

Sasa sikilizeni mambo yalivyokuwa. Tulipomwendea fundi alitupokea vizuri, akatukalisha juu ya mapipa. Mmoja wetu akamwuliza, "Mzee, tuwaambie watu nini kuhusu jiko lako?" Naye akajibu, "Vijana wangu, waambieni linaokoa nusu ya makaa. Hivyo ndivyo sisi husema." Tukaandika. Lakini mlezi wa chama alipousoma mswada wetu alituuliza swali moja tu: "Hiyo nusu mmeiona wapi?" Hakuna aliyejibu. Mwenzetu mwingine, ambaye mama yake hupika githeri na kuuza kwenye kibanda karibu na stendi, akajitolea kulipeleka jiko kwao. Mama huyo alikuwa akitumia jiko la bati tupu na kila siku alimaliza mikebe mitatu ya makaa. Alitumia jiko la fundi kwa juma moja, sufuria ile ile, githeri ile ile. Siku zote sita za kazi alimaliza mikebe miwili.

Basi nusu haikuwa nusu. Ilikuwa thuluthi moja. Huenda kwa mpishi mwingine na sufuria nyingine ingekuwa nusu kweli, lakini sisi tulichokiona kwa macho yetu ni thuluthi. Hapo ndipo timu ilipogawanyika. Nahodha wetu alisema, "Tuandike tu nusu. Nusu inaingia vizuri kwa wimbo. Thuluthi nani ataimba? Na kwani nani atapima?"

Yule mwenzetu akamjibu pale pale, "Mama yangu amepima. Na wateja wake wakinunua jiko kwa sababu ya wimbo wetu, watarudi kwake, si kwako."

Kimya kikatanda kama maji mtungini. Kisha nahodha, ambaye namsifu kwa jambo hili, akachukua kalamu na kufuta neno nusu. Akaandika kibwagizo kipya: "Mitatu imekuwa miwili! Mkebe wa tatu, baki kwa muuzaji!" Jamani, kilikuwa kitamu kuliko kile cha kwanza! Sababu ni wazi. Nusu ni neno la kila mtu, linalosemwa na kila muuzaji wa kila kitu. Mikebe mitatu na mikebe miwili ni mambo ambayo mama yeyote wa mtaani anayaona kichwani mwake mara moja. Tena anaweza kupiga hesabu. Kwetu mkebe mmoja ni shilingi 100. Jiko lile kubwa la biashara fundi aliliuza kwa shilingi 1,200. Kwa hiyo katika siku kumi na mbili za kazi jiko limejilipia, na kuanzia siku ya kumi na tatu kila shilingi 100 ni ya mama. Hesabu hiyo tuliiandika kwenye bango kwa rangi nyekundu. Ukweli ulitupatia bango zuri kuliko uongo.

Najua kuna msomaji ambaye tayari ameinua mkono. Atasema, "Wewe mbona unajifanya mtakatifu? Katika isimujamii tumefundishwa kwamba sajili ya biashara hutumia chuku. Tangazo bila chuku ni kama chai bila majani." Ni kweli, na hata sisi tulitumia chuku. Katika igizo letu mmoja alisema kwamba kwa jiko hili chai inachemka kabla mgeni hajavua viatu. Ukumbi mzima ulicheka. Hakuna aliyefikiri kwamba tumempima mgeni na viatu vyake kwa saa. Hiyo ndiyo chuku: msemaji anajua, msikilizaji anajua, na wote wawili wanafurahia. Uongo ni kitu kingine. Katika uongo msemaji anajua na msikilizaji hajui, na tofauti hiyo hulipwa kutoka mfukoni mwa asiyejua.

Nitatoa mfano ambao sisi wa shule za kutwa tunaujua kwa machozi. Makanga anasimama mlangoni asubuhi akilia, "Imebaki mtu mmoja! Mmoja tu twende!" Unaingia mbio na kukuta ndani mna abiria watatu na viti vitupu. Unakaa dakika ishirini, gari halitoki. Je, hiyo ni chuku? Mwambie hivyo mwalimu wa zamu aliyesimama langoni na daftari lake! Maneno ya makanga yamekugharimu muda wako na labda adhabu juu yake. Kwa hiyo mimi hupima tangazo kwa kipimo hiki kidogo: nikiyaamini maneno haya jinsi yalivyo, nitapoteza kitu? Kama jibu ni hapana, hiyo ni chuku, tucheke. Kama jibu ni ndiyo, huo ni uongo, hata ukiimbwa na malaika.

Turudi kwenye shindano. Siku ilipofika tuliigiza vizuri ingawa bango letu liliangushwa na upepo mara moja. Tulitunukiwa nafasi ya tatu, tukapewa vyeti na kamusi. Nafasi ya kwanza ilichukuliwa na shule moja iliyotangaza mafuta ya nywele ya kubuni ambayo, kwa mujibu wa wimbo wao, hufikisha nywele mabegani kwa siku saba. Sina kinyongo nao hata chembe. Walicheza kama waliozaliwa jukwaani, na msichana aliyeingia amenyoa kipara akatoka na nywele ndefu za bandia alitufanya sote tushike mbavu.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu hii ni mambo yaliyotokea baada ya zawadi kutolewa. Tulipokuwa tukinywa soda nje ya ukumbi, wasichana wanne wa shule nyingine waliwaendea washindi. Mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Aki, hiyo mafuta mnauza wapi? Ni pesa ngapi?" Mshindi akacheka, "Wacha mchezo! Hii ni mafuta ya kupikia, tumeweka rangi tu." Wasichana wale hawakucheka. Muda mfupi baadaye mama mmoja aliyekuwa akigawa soda, mtu mzima mwenye watoto, akauliza swali lile lile. Ndugu zangu, dakika tano za kuimba zilitosha kumfanya mtu mzima atake kununua mafuta ya kupikia ajipake kichwani! Kama watoto wa shule wanaweza kufanya hivyo kwa mzaha, je, watu wenye pesa za kulipia redio, runinga na mabango makubwa ya barabarani wanaweza kufanya nini kwa makusudi?

Msinielewe vibaya. Waandalizi walituruhusu kubuni bidhaa, na wale hawakuvunja kanuni yoyote. Kasoro ilikuwa katika karatasi ya waamuzi. Alama zilikuwa arobaini: ubunifu kumi, uigizaji kumi, lugha kumi na bango kumi. Ukweli haukuwa na hata alama moja. Yaani katika shindano la kuwafunza vijana kutangaza, mtu angeweza kupata arobaini kwa arobaini bila kusema neno moja la kweli. Je, hapo tunafunzwa nini?

Ni vyema tukumbuke kwamba nchi yetu haikunyamaza kuhusu jambo hili. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazomwezesha kufaidika na bidhaa, na inalitaka Bunge litunge sheria ili matangazo yawe ya haki, ya kweli na yenye heshima. Sheria ya kumlinda mnunuzi ilipitishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo, sheria ya mwaka 2007 ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya tumbaku. Na mwaka 2025 serikali ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Mwajua kwa nini. Mtaani kwetu yupo kijana aliyemaliza shule ambaye alisikia kila siku kwamba utajiri uko kwenye simu yake, akabashiri mechi kwa pesa ambazo mama yake alikuwa ameweka za kumpeleka chuoni. Tangazo lilimwonyesha aliyeshinda. Halikumwonyesha mwingine aliyekaa nyumbani kama yeye sasa. Kusema kweli nusu na kuificha nusu nyingine ni ndugu wa uongo, tena ndugu wa toka nitoke.

Kuna jambo la pili, nalo linahusu lugha. Katika shule zile kumi na nne, tisa zilitangaza kwa Kiingereza. Tano tulitumia Kiswahili, na hata kati yetu watano wapo waliotumia Kiingereza kilichovikwa kanzu. Hiyo si ajabu kwa sababu ndivyo tunavyosikia kila siku. Kuna tangazo moja la redio lililosema, "Ipe ngozi yako uzoefu inaoustahili." Nyanya yangu aliposikia alizima jiko akaniuliza, "Mjukuu wangu, ngozi imeomba kazi wapi hata itafutiwe uzoefu?" Nilicheka hadi nikatokwa na machozi, lakini Nyanya alikuwa na haki. Mtu fulani ofisini aliandika kwa Kiingereza, mwingine akageuza neno kwa neno, na hakuna aliyejiuliza kama binadamu anayezungumza Kiswahili anaweza kuyatamka maneno hayo.

Ilhali Kiswahili kina wataalamu wa matangazo ambao hawakusomea popote. Nenda Gikomba usikie wauza mitumba: "Chagua, chagua! Mia, mia! Lala ukiamka zimeisha!" Maneno ni mafupi, yanarudiwa, yana mdundo, na bei imetajwa pale pale. Sifa za sajili ya biashara tunazokariri kwa ajili ya karatasi ya pili zote zimo humo. Muuzaji yule hakutafsiri kitu. Anamwona mnunuzi usoni na kumwambia jambo moja analotaka kujua.

Hata kampuni kubwa zilipofanikiwa zilifuata njia hiyo hiyo. Huduma ya M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 ilikuwa kitu kigeni kabisa. Watu wangeweza kuelezwa habari za mitambo na teknolojia hadi walale. Badala yake tangazo liliwahimiza watume pesa nyumbani, basi. Ingawa maneno hayo yalitolewa kwa Kiingereza, yalikuwa jambo moja, la kweli, ambalo kila aliyeacha wazazi kijijini alikuwa akihangaika nalo. Na jina lenyewe lilibeba neno letu, pesa, ambalo halihitaji mkalimani kutoka Lamu hadi Busia. Nalo jiko letu ni hivyo hivyo. "Mkebe wa tatu, baki kwa muuzaji" huwezi kulitafsiri kwa Kiingereza likabaki tamu, kwa sababu lilizaliwa kwenye kibanda cha githeri.

Baada ya kulalamika, ni lazima nipendekeze, maana mkosoaji asiye na dawa ni mbu tu. Kwanza, naomba waandalizi wa mashindano kama haya waongeze alama kumi za ukweli. Timu ikitaja idadi, siku au pesa, iulizwe imepima vipi. Na bidhaa ikiwa ya kubuni, itangazwe wazi jukwaani kwamba ni ya kubuni. Wanafunzi watabuni zaidi, si kidogo, kwa maana ni rahisi kuimba "siku saba" kuliko kutafuta njia ya kuifanya thuluthi ipendeze.

Pili, naomba chama chetu kianze kazi ndogo hapa hapa tulipo. Nje ya lango letu kuna mama wa mandazi, fundi wa viatu na kijana anayetengeneza baiskeli. Wote ni wema katika kazi zao na wote hawana hata kibao. Tuwaandikie mabango bure, kwa Kiswahili sanifu lakini cha watu, baada ya kuwauliza na kujionea wenyewe wanachouza. Fundi wa jiko aliniambia kwamba juma lililofuata shindano aliuza majiko mawili kwa wapishi wa ile shule tuliyoshindania, nao walimjia wakiimba kibwagizo chetu. Mawili si mengi. Lakini wapishi wale wakipima makaa yao, hawatakuwa na neno baya la kusema juu yake wala juu yetu.

Tatu, na hili ni letu sote, kila tukisikia tangazo tujifunze kuuliza lile swali ambalo nahodha wetu aliuliza kwa mzaha: nani atapima? Au tuseme, nani amepima? Tuliulize kwa redio, tuliulize kwa bango, tuliulize hata kwa rafiki anayetuuzia kalamu darasani.

Kwa hivyo wahenga wasinikasirikie. Methali yao ilifaa wakati ambapo kijiji kizima kilimjua mfinyanzi hodari na hakikuhitaji kuambiwa. Leo mnunuzi yuko Umoja, muuzaji yuko Kamukunji, na katikati yao wamo waimbaji wa mafuta ya nywele. Chema nacho kifungue mdomo. Kikisema, kiseme Kiswahili, na kiseme kweli.